Fundi Twaha na Jua la Mwezi wa Sita

Simu iliita Twaha akiwa hajamaliza hata kufunga vifungo vya koti. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita, na Mfaranyaki, mtaa wa mjini Songea, ilikuwa bado na kile kigiza cha bluu ambacho mtu akipita barabarani unamjua kwa mwendo kabla hujamjua kwa sura.

"Imezima tena," alisema Mama Kunegunda. Hakusalimia, na yeye ni mtu anayesalimia mpaka kuku wake.

"Shikamoo mama. Imezima saa ngapi?"

"Marahaba. Nitajuaje saa ngapi? Nimeamka kukoka moto, nikashika mlango wa mashine, baridi. Mayai mia moja na ishirini, fundi! Leo siku ya tisa. Na hii ni mara ya tatu ndani ya wiki moja."

"Umeweka chupa za maji ya moto?"

"Nimeweka chupa, nimeweka blanketi, nimeweka na kitenge changu cha kanisani. Mimi si kuku, Twaha. Siwezi kulalia mayai mia moja na ishirini."

Siku nyingine Twaha angecheka. Siku hiyo hakucheka, kwa sababu alijua kuna neno linakuja nyuma ya hayo, na kweli likaja.

"Remmy anasema kitu," Mama Kunegunda aliendelea, sauti chini. "Mimi sisemi. Remmy ndiye anayesema. Anasema ile betri ya sola uliyotufungia si ile uliyotuonyesha. Eti ulituonyesha nzima, ukafunga iliyokufa."

Twaha alikaa kitandani na koti lake nusu limefungwa.

Remmy ni mtoto wa kwanza wa Mama Kunegunda, dereva wa bodaboda, na kijiwe chake kiko hapohapo Mfaranyaki, hatua kama mia kutoka kwenye kibanda cha Twaha cha ufundi. Neno likisemwa kijiweni asubuhi, saa sita mchana limeshafika mtaa wa Lizaboni, na jioni linakurudia mwenyewe likiwa limenenepa. Hili lilikuwa limeshapewa hata jina. Walikuwa wanaiita betri ya maiti. Jana yake mwalimu Selestine, mgeni aliyehamia kutoka Kigoma, aliyekuwa amekubali kabisa kufungiwa sola nyumbani kwake, alituma ujumbe mfupi: "Fundi, tusubiri kwanza." Na usiku wakati wa kula, Sabra, binti wa Twaha mwenye miaka saba, alimuuliza baba yake mbele ya bakuli la maharage: "Baba, betri ya maiti ni nini?"

Ashura, mke wake, alimwambia mtoto ale. Twaha mwenyewe ndiye aliyeshindwa kula.

Ili uelewe kwa nini neno lile lilimchoma hivyo, inabidi umjue Twaha. Alizaliwa Tunduru, kwenye nyumba ya wakulima wa korosho, na baba yake alitaka abaki na mikorosho. Lakini alipokuwa na miaka kumi aliifungua redio ya nyumbani ili aone wanaoongea wamekaa wapi. Redio ikanyamaza mwezi mzima. Mwezi mzima baba yake alikuwa anamtazama bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko fimbo. Siku ya thelathini na moja redio ikasema, tena ikawa inanasa na stesheni za Msumbiji ambazo zamani haikuzinasa. Tangu hapo hakuna aliyemtajia mikorosho. Akaja Songea ana miaka ishirini, akalala kwenye chumba cha cherehani cha mjomba wake Iddi, akatengeneza redio, kisha simu, kisha sola. Chuo hakusoma. Alisoma vitu vyenyewe, kwa kuvifungua.

Na kila kazi aliyoifunga, ndani ya boksi la nyaya aliandika kwa kalamu ya wino mzito: TWAHA, namba ya simu, tarehe. Mafundi wenzake walimcheka. Wakasema mtu anaficha makosa yake, wewe unayawekea anwani? Alikuwa akiwajibu kwamba ndiyo, ili kikiharibika asisingiziwe mtu mwingine. Sasa kilikuwa kimeharibika, na anwani ilikuwa pale.

"Nakuja, mama," alisema kwenye simu. "Leo hii. Na nitakuja na betri yangu mwenyewe."

*

Mama Kunegunda anaishi upande wa Hanga, ndani kidogo ya barabara ya Namtumbo. Nguzo za umeme zimepita barabarani, ukisimama mlangoni kwake unaziona, lakini waya haujafika kwake. Ndiyo maana ana sola. Nyumba yake aliijenga marehemu mume wake, fundi seremala, na alizipenda sana mbao, kwa hiyo paa lake limesimama kweli, si hizi bati za mjini zilizolala kama meza. Upande mmoja wa paa unatazama barabarani, ambako ni kusini. Upande wa pili unatazama uani na jikoni, kaskazini.

Mashine yenyewe ni kabati la mbao la kutotolesha vifaranga. Unapanga mayai ndani, taa na feni vinayapa joto siku ishirini na moja, na vifaranga vinatoka bila kuku kujua lolote. Tangu Twaha aifungie sola wiki moja kabla ya Krismasi, ilikuwa imetotoa mara mbili bila tabu. Tena ilitotoa wakati wa mvua, mawingu yamekaa juu ya Songea kama yamepanga chumba. Sasa mvua zimekwisha, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia, na ndipo mashine inazima alfajiri! Hilo ndilo lililompa Remmy nguvu ya kusema. Kama kwenye mawingu iliwaka na kwenye jua inazima, basi tatizo si jua, tatizo ni mtu.

Twaha alifika mchana ule wa Jumanne, pikipiki yake imefungwa betri nyuma. Akatoa ya zamani, akafunga ya kwake, ambayo alikuwa ameijaza mjini mpaka mwisho. Akapanda juu, akafuta vumbi kwenye paneli, akakaza skrubu, akapima nyaya. Mita ilionyesha umeme mdogo unaingia, lakini hakushtuka, maana betri iliyojaa haina hamu ya umeme, kama mtu aliyeshiba. Akaomba alale pale mpaka ahakikishe.

Jumatano asubuhi mashine ilikuwa inawaka, ina joto lake, feni inazunguka.

"Afadhali!" Mama Kunegunda alipiga makofi. "Kwa hiyo ilikuwa betri."

Twaha hakufurahi kama ulivyofikiri angefurahi. Kama ilikuwa betri, basi Remmy alisema kweli, au nusu ya kweli. Basi alimuuzia mama wa watu kitu kibovu bila kujua. Mchana kutwa alikaa na ile betri ya zamani mapajani, akaipima, akaigeuza, akainusa. Haikuwa na dalili ya ugonjwa. Aliongeza siku ya pili ya kulala pale kwa sababu hakuweza kuondoka na swali kama lile.

Alhamisi, alarm ya saa kumi na moja ilipomwamsha, mashine ilikuwa imezima.

Alisimama mbele ya lile kabati, mkono kwenye mlango uliopoa, huku Mama Kunegunda akija na chupa za maji ya moto. Walizipanga pamoja. Walifunika blanketi. Lakini kichwani mwa Twaha kitu kimoja kilikuwa kimeshaanza kutembea. Betri yake aliijua kama anavyojua meno yake. Iliingia imejaa, usiku wa kwanza ikafanya kazi, usiku wa pili ikaisha. Kwa hiyo si mgonjwa. Ina njaa. Hailishwi mchana.

Na ya zamani je? Nayo ilikuwa na njaa tu?

*

Saa moja kasoro jua likachungulia. Hapo ndipo utaona kioja cha saa zetu. Tunahesabu kana kwamba jua linachomoza saa kumi na mbili kamili na kuzama saa kumi na mbili kamili, sawasawa, kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku, mwaka mzima, hakuna anayedai. Lakini mwezi wa sita Songea ikigonga saa kumi na mbili asubuhi bado unahitaji tochi kwenda chooni.

Twaha alikwenda kukaa barazani mbele, upande wa barabara, peke yake. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa. Hakutaka kukaa na watu. Uani alikuwa anasikia sauti, maana Bibi Natalia, jirani, alikuwa ameshafika na kiti chake, na muda si mrefu pikipiki ya Remmy ikaunguruma ikazunguka nyuma moja kwa moja. Remmy alikuwa ametoka mjini kuja kuona mwisho wa mambo.

"Imezima?" Twaha alimsikia akiuliza.

"Imezima."

"Si nilisema. Ameleta maiti mwingine kumfariji wa kwanza."

Wakacheka. Twaha akavuta koti.

"Fundi!" Mama Kunegunda aliita. "Unaganda huko! Njoo huku uote jua na wenzako."

"Niko sawa, mama. Jua litafika huku sasa hivi."

"Huko?" Safari hii alicheka yeye. "Huko halifiki mpaka mwezi wa tisa uishe. Hapo mbele sasa hivi ni baridi kama kisimani."

"Mwache," alisema Bibi Natalia. "Watu wa Tunduru wanajua korosho. Jua watalijulia wapi?"

Twaha alinyanyuka. Hakunyanyuka kwa hasira. Alinyanyuka polepole, kama mtu aliyesikia panya darini na hataki kumkimbiza. Akazunguka kona ya nyumba.

Na huku ndiko walikokuwa wote. Mama Kunegunda kwenye kigoda, mgongo ukutani. Bibi Natalia na shuka lake. Remmy juu ya pikipiki, macho amefumba. Mbwa amelala ubavu. Kuku kumi na kitu wamejipanga chini ya ukuta, manyoya wameyafungua kama watu wanaoanika nguo. Kila chenye damu kwenye nyumba ile kilikuwa upande wa uani, na ukuta mzima ulikuwa na rangi ya asali.

"Mama," alisema Twaha, "huwa mnakaa hapa siku zote?"

"Kuota jua? Wakati wa baridi, ndiyo."

"Na Krismasi? Nilipokuja kufunga, mlikuwa mnakaa wapi?"

"Krismasi nani anaota jua? Krismasi huku uani tunakimbilia kivuli. Jua linakuwa mbele." Akamtazama. "Fundi, una homa?"

Twaha alikuwa ameshachukua ngazi.

Aliiegemeza upande wa barabara, akapanda. Ilikuwa inakaribia saa mbili kasoro robo. Bati la upande ule lilikuwa limelowa umande mpaka linateleza, na juu ya paneli yake matone yalikuwa yamekaa yametulia, hata moja halijaanza kukauka. Akatambaa mpaka kwenye kofia ya paa, pale pande mbili zinapokutana, akanyoosha mkono ng'ambo. Bati la uani lilikuwa kavu. Lilikuwa na uvuguvugu.

Alikaa pale juu amepanda paa kama mtu aliyepanda punda, mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye joto, akaanza kucheka. Chini walimsikia.

"Amechanganyikiwa," alisema Bibi Natalia.

"Remmy!" Twaha aliita. "Kaka, njoo! Leta mita iko kwenye mkoba. Njoo uone maiti mwenyewe!"

*

Remmy alipanda kwa kunung'unika. Twaha alimpa mita aishike yeye mwenyewe, macho yake mwenyewe, asije akasema ameonyeshwa mazingaombwe.

"Soma."

"Moja. Moja na nukta."

"Ampea moja. Hicho ndicho chakula cha betri asubuhi hii. Sasa nisaidie." Wakafungua skrubu nne, nyaya bado zimeunganishwa, wakaibeba paneli kwa pamoja kuivusha kofia, Remmy akisema "taratibu, taratibu" kana kwamba ni yeye aliyeinunua, wakailaza upande wa uani. Mwanga ukaipiga usoni. "Soma."

Remmy akatazama mita. Akaitikisa. Akaitazama tena.

"Tano," alisema.

"Sema kwa sauti, mama asikie."

"Tano, mama! Kule moja, huku tano!"

"Tano ndiyo nini?" Mama Kunegunda aliuliza kutoka chini, mkono umekinga macho.

"Ndiyo mayai yako, mama," alisema Twaha.

Sasa alilazimika kueleza, na kueleza ilimaanisha kukiri. Twaha ana namna yake ya kufanya kazi. Hatumii dira. Adhuhuri anapanda juu ya paa, anasimamisha kalamu ya biki wima, anaangalia kivuli kinaanguka wapi. Kivuli kikienda huku, jua liko kule, na paneli anaitazamisha kule. Wiki ile kabla ya Krismasi alisimamisha biki juu ya paa hilihili, na kivuli, kifupi kama kucha mbili, kilianguka upande wa jikoni. Basi jua liko barabarani. Na karatasi iliyotoka kwenye boksi la paneli nayo ilichorwa paneli inatazama kusini. Biki na karatasi vimekubaliana, yeye ni nani abishe? Kwenye nyumba za mjini, bati zimelala na watu wanawasha taa mbili na kuchaji simu, kosa lake lisingeonekana hata miaka kumi. Hapa paa limesimama, na mashine inakula usiku kucha, na baridi ya mwezi wa sita inailazimisha kula mara mbili.

"Kwa hiyo jua limehama?" Remmy aliuliza. Sasa alikuwa anauliza kweli.

"Subiri adhuhuri."

Walisubiri. Saa sita na nusu Twaha alisimamisha biki katikati ya uwanja wa mbele, kwenye ardhi tambarare, Mama Kunegunda, Remmy na Bibi Natalia wameinama juu yake kama wanatazama mchezo wa bao. Kivuli kilianguka upande wa barabara. Si kifupi tena, kilikuwa karibu kidole kizima cha katikati. Jua la saa sita, ambalo wote wanne tangu utotoni walijua liko juu ya utosi, halikuwa juu ya utosi. Lilikuwa limeinamia jikoni.

"Mimi nina miaka sitini na tisa," alisema Bibi Natalia, "na hiki kitu nilikuwa nakijua na mgongo wangu. Sikujua kama nakijua."

Twaha alikuwa amechuchumaa, anawaza kwa sauti. Mwezi wa kumi na mbili jua linapita kusini mwa Songea, linachukua njia ndefu, linakawia kuondoka. Ndiyo! Siku ile alipofunga kazi hii, skrubu ya mwisho aliikaza saa moja usiku, na alikuwa anaiona bila tochi, akashangaa kidogo kisha akasahau. Sasa saa kumi na mbili na nusu jioni jua limeshakwenda. Tangu Krismasi mchana umepungua zaidi ya saa nzima, umelika mbele na nyuma kidogokidogo, dakika leo, nusu dakika kesho, nani ataona? Na paneli yake, kwa kugeuzia jua mgongo, ilikuwa na mchana wake mfupi zaidi. Asubuhi inachelewa kuamka karibu saa nzima baada ya jua kutoka, na jioni inawahi kulala. Na wale walioandika ile karatasi? Wenyewe wanaishi mbali huko kaskazini, jua haliwahi kuwapita kwa nyuma hata siku moja. Walikuwa wanaandikiana wao kwa wao.

"Kwa hiyo," alisema Mama Kunegunda pole pole, "betri ni nzima."

"Zote mbili nzima."

"Na aliyekosea ni nani?"

"Mimi, mama!" alisema Twaha, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetangaza harusi. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeweka paneli vibaya. Nilikosea, lakini sikuiba."

Mama Kunegunda alimtazama. Kisha akamgeukia mtoto wake, na Remmy akaanza kuchunguza tairi la pikipiki yake.

*

Ijumaa alfajiri hakuna aliyehitaji alarm. Twaha alikuwa macho saa kumi, Mama Kunegunda macho saa kumi na robo, wakakutana sebuleni kila mmoja anajifanya ameamkia maji ya kunywa. Taa ya mashine ilikuwa inawaka. Saa kumi na moja ilikuwa inawaka. Saa kumi na mbili, nje bado giza, ilikuwa inawaka, feni inavuma pole kama mtu anayekoroma kwa adabu. Twaha alikwenda kuswali, na aliporudi ilikuwa inawaka.

Lakini mashine kuwaka ni jambo moja. Mayai kuwa hai ni jambo lingine, na hilo walikuwa wameliogopa wote wawili bila kulitaja. Mama Kunegunda alifunga mapazia, akachukua tochi yenye mwanga mkali, akaifunika kwa kiganja ikabaki tundu dogo, akaweka yai la kwanza juu yake.

Yai liliwaka lote, rangi ya chungwa. Ndani yake kulikuwa na mishipa myembamba myekundu, imetanda kama mizizi, na katikati doa jeusi.

"Liko kimya," alinong'ona Twaha.

"Ngoja."

Doa likaruka. Kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Yesu na Maria," alisema Mama Kunegunda.

"Alhamdulillah," alisema Twaha, na akagundua kwamba alikuwa amemshika mama wa watu mkono kwa nguvu, akauachia.

Waliyapima yote. Mengine yalikuwa meupe kabisa, hayakuwahi kuwa na kitu tangu mwanzo. Machache yalikuwa na duara jeusi la damu, hayo yalikufa, na Mama Kunegunda aliyaweka pembeni taratibu bila kulaumu. Lakini trei baada ya trei, madoa yaliruka. Ile baridi ya alfajiri nne ilikuwa imeyachelewesha tu. Chupa za maji ya moto, blanketi na kitenge cha kanisani vilikuwa vimefanya kazi kuliko walivyofikiri. Walipomaliza, Mama Kunegunda alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akapumua pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Jumanne.

Kisha akachukua simu.

"Remmy. Uko wapi?"

"Kijiweni, mama." Sauti ilisikika wazi, na nyuma yake pikipiki na watu.

"Nani wako hapo?"

"Wote. Edmund, Mathias, Eric, wote tu. Kuna nini?"

"Weka sauti ya nje."

"Mama..."

"Remmy. Weka sauti ya nje."

Kelele za kijiwe zikaongezeka, ikajulikana sauti imewekwa nje.

"Habari zenu wanangu," alisema Mama Kunegunda.

"Shikamoo mama!" walijibu kwa pamoja.

"Marahaba. Remmy ana jambo la kuwaambia kuhusu betri. Mimi nasikiliza."

Remmy alikohoa. Alisema kwamba ile betri, ile aliyoisema, unajua, si maiti. Nzima. Amehakikisha mwenyewe, mita alishika mwenyewe. Mtu mmoja akauliza, sasa kama betri ni nzima ilikuwa inazima kwa nini? "Jua," alisema Remmy. Kijiwe kizima kikacheka. "Jua limefanyaje?" "Limehamia uani." Wakacheka zaidi, mmoja akapiga honi. "Nyie chekeni," Remmy alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupata joto. "Nendeni adhuhuri mkasimamishe biki chini, mtaniambia!"

"Kwa hiyo fundi hana kosa?" sauti nyingine ilidakia.

"Ninalo!" Twaha alipiga kelele kutoka sebuleni, ameinamia simu. "Ninalo mimi! Niliweka paneli vibaya!"

"Huyo ni Twaha? Mbona anafurahi?"

*

Kabla hajaondoka, Twaha alipima nafasi ya fremu ya chuma ya kusimamisha paneli nje ya nyumba, yenye bawaba, ili igeuzwe mara mbili kwa mwaka. Mama Kunegunda aliuliza atajuaje siku ya kuigeuza. Twaha akamwambia asihesabu tarehe, akihamisha kigoda chake tu, na paneli ihame naye. Akakataa chai ya pili, maana alitaka kuwahi swala ya Ijumaa mjini, akafunga betri yake nyuma ya pikipiki. Ile ya zamani aliirudisha mahali pake, na ndani ya boksi, chini ya jina lake na tarehe ya Desemba, akaongeza tarehe ya siku ile.

Barabarani simu ilitetemeka mfukoni mara moja, mara mbili. Hakuipokea. Alikuwa anaendesha polepole kuliko kawaida, shingo juu, anatazama mapaa. Hakuwahi kuyatazama hivyo. Paneli hii inatazama barabarani, hii inatazama bonde, hii imetiwa kwenye kivuli cha mparachichi na mtu ambaye sijui alikuwa anawaza nini. Kwenye nyumba moja yenye paa lililosimama, paneli ndogo ilikuwa upande wa kusini, na chini yake baraza tupu, hakuna hata kuku.

Akaangalia saa. Akasimamisha pikipiki.

"Hodi!"

"Karibu," alijibu mwanamke, akitokea nyuma ya nyumba na ungo wa mahindi mkononi, kope amezikunja kwa mwanga.

"Samahani mama, shikamoo. Sina haja ya kukaa. Nilitaka kuuliza tu. Taa zenu, tangu mwezi wa tano, hazizimi mapema?"

Mwanamke aliteremsha ungo.

"Wewe," alisema, "nani amekwambia?"